Ngome Ilipokuwa Jela

Keti barazani popote pale Mji wa Kale. Kahawa chungu haijapoa, utaambiwa: "Mwanangu, Mombasa ilikuwa zamani." Zamani majahazi yalishuka na kaskazi, yakatia nanga Bandari ya Kale na mazulia na tende. Leo ni tuktuk, majitaka na ghorofa zilizoziba upepo.

Hoja ipo, siipuuzi. Nyumba yenye roshani ya mbao ikibomolewa hairudi, na wanaopigania milango ya nakshi isiuzwe ni hawa hawa wenye kukumbuka.

Lakini hebu tuitazame Ngome, Fort Jesus yenyewe. Mreno alianza kuijenga 1593 ili mizinga yake ielekee mlango wa bandari. Mwingereza akaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Miaka 63! Mzee wa miaka themanini na ushei, utotoni mwake alipita chini ya kuta zile akijua ndani mna wafungwa. Sidhani kama kuna aliyesimama hapo kusifu rangi ya matumbawe jua linapotua. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia, na sasa maharusi wanapigia picha pale pale. Na zile pembe za ndovu za barabara ya Moi Avenue? Ziliwekwa miaka ya 1950 kulaki wageni wa kifalme kutoka Uingereza, nazo ni alumini tupu, ndovu hana habari. Leo ukitaka kuzing'oa utapigwa mawe. Basi zamani tunayoililia, walioishi ndani yake wengi hawakuiona nzuri.

Ndiyo maana nawatetea vijana wanaojazana bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni. Tangu pakarabatiwe 2019, wapo wanaosema pamekuwa saruji tu. Saruji ipo, kweli, ila mibuyu imesimama na bahari haijahama.

Juzi nilikaa pale na ami yangu mmoja. Muhogo wa kukaanga, pilipili, ndimu. Alikuwa akinieleza Mombasa ya ujana wake, mgongo kaupa bahari. Ikaingia meli ya makontena ikielekea Kilindini, karibu mno, jina lake ubavuni likasomeka. Watoto wakaikimbilia ukutani wakipunga mikono.

"Ami, geuka," nikamwambia.

"Ngoja nimalize," akanijibu. Alipomaliza, meli imeshakata kona na muhogo umepoa.