Pesa mpya, dharau ya zamani

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anasema matajiri wapya "hawajui kutumia pesa". Sawa, wapo wanaochosha, kila walichonunua lazima tukione. Lakini ile methali ya maskini akipata, mbona tunaikimbilia haraka hivi? Aliyerithi akinunua gari la tano tunasema hiyo ndiyo hadhi yake; aliyehangaika mwenyewe akinunua la kwanza, limbukeni.

Tazameni New York ya karne ya 19. Caroline Astor, aliyeamua nani ni mtu wa tabaka la juu, aliwatenga akina Vanderbilt kwa kuwa pesa zao zilikuwa bado mbichi. Mpaka Alva Vanderbilt alipoandaa dansi ya kifahari mwaka 1883 ndipo mlango ukafunguka. Na mali ya Astor ilitoka wapi? Babu wa mumewe, John Jacob, mtoto wa mchinjaji kutoka Ujerumani, alitajirika kwa kuuza ngozi za manyoya! Vizazi viwili tu, watu wameshasahau.

Mimi kinachonikera zaidi ni sisi ndugu na marafiki wa huyo tajiri mpya. Jioni tunamsema anaringa, asubuhi tuko mlangoni kwake tunaomba mkopo. Akitoa, anajionyesha. Akikataa, kabadilika. Sasa afanyeje?