Ndege ya Yuro 19

Sina ugomvi na ndege yenyewe, kwa kuwa iliruka na ikatua, na hilo ndilo tulilokubaliana. Ugomvi wangu ni na zile yuro 19 ambazo mke wangu aliziona kwenye simu usiku wa manane, akaniamsha kwa kishindo akisema, "Baba Salma, Italia kwa yuro 19!" Wahenga walisema rahisi yavunja upishi, lakini wahenga hawakuwahi kukaa Ujerumani mwezi wa Februari.

Kwa nauli hiyo, shirika linakuhakikishia kwamba utaingizwa ndani ya ndege ukiwa umevaa nguo zako, na ahadi zinaishia hapo. Kuchagua kiti kuna bei yake, begi la magurudumu lina bei yake, kupanda kabla ya wenzako kuna bei yake, na kukaa karibu na mkeo nako kuna bei yake. Hiyo ya mwisho nilikataa kuilipa, kwa hoja kwamba mahari nilikwisha kutoa na sikuona sababu ya kulipia ukaribu mara ya pili. Kompyuta ya shirika ikanijibu kwa kumweka Mama Salma safu ya nne, dirishani, na mimi safu ya ishirini na tisa, kiti cha katikati.

Suala la begi linahitaji maelezo. Mwezi Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari, kwa hiyo abiria asitozwe nyongeza kwa ajili yake, mradi uzito na ukubwa wake viwe vya kiasi. Mashirika yakatii kwa unyenyekevu mkubwa: begi likabaki bure, ila likaambiwa lipungue. La kwetu halikuruhusiwa kuzidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na langoni palikuwa na kisanduku cha chuma cha kulipimia. Nikavaa makoti mawili, soksi nikazijaza mifukoni, na chaja ya simu nikaining'iniza shingoni. Begi likaingia kisandukuni. Mwenye begi, kwa unene niliokuwa nao wakati huo, asingeingia katika kisanduku chochote, lakini bahati nzuri hakuna aliyeuliza vipimo vyangu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita kwenye ukaguzi wa usalama. Kanuni ya vimiminika ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Amerika, na siipingi hata kidogo. Ninachohoji ni jinsi achari ya maembe, ambayo vipande vyake unaweza kuvihesabu kwa kidole, ilivyohukumiwa kuwa kimiminika kinachozidi mililita 100. Nilijitetea kwa Kijerumani changu kwamba hilo ni tunda. Afisa akafungua kifuniko, akanusa, na kuanzia hapo hapakuwa tena na nafasi ya rufaa. Halafu, kwa kuwa pasi zetu ni za Tanzania, tukapelekwa kwenye dawati jingine ili hati zetu zikaguliwe na kugongewa muhuri, ingawa safari nzima ilikuwa ndani ya eneo la Schengen, ambako inasemekana mipaka ilikwisha kuondolewa. Labda iliondolewa barabarani, ikahamishiwa dawatini.

Ndani ya ndege, magoti yangu yalifika kabla yangu. Kutoka kiti hadi kiti katika ndege za namna hii ni kama inchi 28 hadi 30, yaani sentimita 71 hadi 76, na ndani ya kipimo hicho mnahesabiwa wewe, unene wa kiti chenyewe na kile kimeza cha kukunja. Kiti hakilali nyuma, jambo ambalo kwa kweli nalishukuru, kwa kuwa yule wa mbele yangu naye hakuweza kunilalia. Msidhani kwamba matajiri wanaona makubwa zaidi. Katika mashirika mengi ya Ulaya, daraja la biashara kwa safari fupi ni viti vilevile, ila cha katikati hakiuzwi na nyuma yao huvutwa pazia. Mtu analipa mamia ya yuro ili asikae na mimi, na nikikumbuka makoti yale mawili, simlaumu.

Dirishani kwangu alikaa mzee wa Kijerumani mwenye saa kubwa ya mkononi, na upande wa ujia kijana aliyelala kabla hata ya kufunga mkanda. Wahudumu walitupitishia maji ya kuuza, kahawa ya kuuza, manukato ya kuuza, na mwishoni tiketi za bahati nasibu za kukwangua, ili atakayesalia na sarafu yoyote asiteremke nayo. Lakini ninatangulia mambo, maana hayo yote yalitokea baadaye sana. Kwanza tulikaa uwanjani, milango imefungwa, bila kwenda popote.

Saa ya kwanza watu walinung'unika. Ya pili ilipokuwa ikielekea mwisho, rubani akatangaza kwamba kuna hitilafu ya kiufundi, na hapo mzee wa dirishani akatabasamu. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mwalimu mstaafu, kwamba chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi, kila abiria anastahili yuro 250. Dhoruba ingeliokoa shirika, mgomo wa waongoza ndege ungeliokoa, lakini hitilafu ya kawaida ya ndege yenyewe hailiokoi. Nikapiga hesabu: mimi na Mama Salma, yuro 500, kwa tiketi za yuro 38. Tangu niingie humo sikuwahi kujisikia nimeketi vizuri kiasi kile.

Habari ikaenea safu hadi safu. Mtoto aliyekuwa akilia alibembelezwa na watu wasiomjua, na mama mmoja aliyekuwa akidai ateremshwe akaomba radhi na kuagiza kahawa. Tulipoondoka hatimaye, ucheleweshaji ulikuwa umepita saa tatu, na abiria wakatazamana kama wanahisa. Ila mzee hakufurahi. Akaniambia kwamba mashirika huongeza dakika za akiba katika ratiba zao, kwa hiyo rubani mwenye nia mbaya anaweza kuufuta ucheleweshaji angani. Wetu alikuwa na nia mbaya. Alikata mawingu bila huruma, akatua, na hakuna aliyempigia makofi, ingawa wapanda ndege za likizo wana desturi hiyo.

Bado tulikuwa na tumaini. Mahakama ileile, Septemba uleule wa 2014, iliamua kwamba saa ya kufika si pale magurudumu yanapogusa ardhi, bali pale mlango walau mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka. Ndiyo maana, kwa mara ya kwanza katika historia ya usafiri huu, ndege ilisimama na hakuna aliyeruka kuvuta begi lake. Tulikaa kimya, mikanda imefungwa, tukitazama saa ya mzee. Ngazi ilichelewa, na baadhi yetu tukaanza kumwomba Mungu aizidishie kutu.

Zikiwa zimesalia dakika nne saa tatu za ucheleweshaji zitimie, mlango wa mbele ukafunguliwa. Mtu mmoja wa safu za nyuma akapaza sauti kwa Kijerumani kwamba waufunge tena. Sikumwona uso, lakini nilimpigia makofi, na hayo ndiyo makofi pekee yaliyosikika katika safari ile.