Gari la Umeme Linalala Wapi Dar?

Mjadala wa magari ya umeme Dar es Salaam ukianza, hoja inayotangulia ni ile ile: kwanza tujenge vituo vya kuchaji kwa kasi kando ya barabara kubwa, mfano wa sheli. Hoja ina uzito. Dereva wa teksi ya mtandaoni hawezi kukaa saa nane akisubiri chaji huku hesabu ya tajiri inamsubiri. Anayekwenda Morogoro, karibu kilomita 190, anataka aongeze chaji Chalinze akinywa chai. Na foleni za magari ya gesi vituoni tumeziona. Hakuna anayetaka zihamie kwenye umeme.

Lakini hapo tumeanzia mwisho. Gari la mjini saa nyingi limesimama. Masaki linalala ndani ya geti, mwenyewe anachomeka ukutani kwake. Manzese, Buguruni na Mbagala mpangaji anachangia mita moja ya LUKU na vyumba vingine vitano, na bajaji yake inalala paking ya kulipia, chini ya mlinzi. Huyo ndiye mwenye shida ya chaji ya umma, na kituo cha kasi hakikujengwa kwa ajili yake.

Tupige hesabu. Soketi imara yenye waya wake, ikitoa kilowati 3 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inaingiza uniti 24. Hiyo ni betri nzima ya Nissan Leaf za mwanzo, na bajaji inahitaji chini sana ya hapo. Kwa bei ya kawaida ya umeme, kama Sh 350 kwa uniti, ni Sh 8,400. Fedha hiyo kwenye petroli ni kama lita mbili hadi tatu. Kwenye umeme ni zaidi ya kilomita 100. Nimeipiga hesabu hii kwa sababu wengi wakisikia "chaji ya polepole" wanadhani ni chaji ya kimaskini. Usiku una saa za kutosha.

Mashine moja ya kasi ya kilowati 60 inakula umeme wa soketi 20 za namna hiyo kwa mkupuo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, sawa, ila transfoma ya mtaani haijui habari za Rufiji, ikizidiwa inakatika. Tena mteja mkubwa wa TANESCO, anayevuka wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi, hulipia pia kilele cha matumizi yake, yaani umeme mwingi zaidi aliouvuta kwa mkupuo, si uniti pekee. Magari yakiwa machache, gharama hiyo itaishia kwa dereva.

Halafu kuna plagi. Mitumba ya Japani inachaji kwa kasi kwa CHAdeMO, magari mengi ya China kwa GB/T, ya Ulaya kwa CCS2. Mwenye kituo atachagua ipi? Chaji ya polepole haina mgogoro huo, magari mengi huja na waya wake wa kuchomeka ukutani.

Vya kasi vijengwe, Chalinze na uwanja wa ndege kwanza. Ila fedha ya mwanzo ya manispaa ningeipeleka kwenye paking za usiku na vituo vya bajaji: mita yake, kikata umeme chake, paa la kuzuia mvua, na mlinzi yule yule anayelipwa tayari.