Bei zimetulia wapi?

Mhariri, makala yenu inasema mfumuko wa bei hapa Kenya umepungua, kwa hivyo wananchi tutapumua. Jamani, mfumuko kupungua si bei kushuka. Bei bado zinapanda, ila polepole. Mishahara yetu huku Kayole, Nairobi, imebaki palepale, tena inakatwa kabla haijatufikia: ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75. Anayelipwa shilingi 40,000 anaachia 1,700 kwa hizo mbili tu, makato ya NSSF, ya akiba ya uzeeni, bado. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya petroli nayo ilitoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na nauli ya matatu tunaijua wenyewe, hasa mvua ikinyesha.

Mke wangu siku hizi ananunua mafuta ya kupima dukani, stima tunaweka tokeni za shilingi mia. Ukinunua kidogokidogo hivyo, kila lita inakugharimu zaidi kuliko mwenye pesa ya mtungi mzima. Hilo sikuliona kwenye makala. Kinachoniuma zaidi ni karo: kijana wetu alirudishwa nyumbani wiki ya mitihani kwa sababu ya salio dogo. Mhariri, wakati ujao tafadhali waulizeni pia akina mama wa soko la Gikomba, si wachumi peke yao.