Busaa Nayo Inastahili Glasi Yake

Nimeishi Brussels muda wa kutosha kuona Wabelgiji wanavyoiheshimu bia yao, na kila nikikumbuka nyumbani Kakamega, magharibi mwa Kenya, roho inaniuma. Wao wana bia nzuri, sawa, lakini hata sisi tunayo, busaa ya mahindi na wimbi, tena ya ukoo mmoja na ile wanayojivunia kuliko zote. Yao inawekewa makumbusho. Yetu inanywewa nyuma ya nyumba, sikio likiwa barabarani kusikiliza gari la chifu.

Mimi ni mpenzi wa bia za krafti, zile za viwanda vidogo. Naonja, naandika daftarini, na chupa ninazozitunza naziweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, palipo na giza na ubaridi. Huku hakuna anayekushangaa kwa hilo. Karibu kila bia ina glasi yake, na mhudumu akiikosa hiyo glasi anakuomba radhi kabla hajamimina. Chukua Orval, inayotengenezwa katika monasteri kusini mwa nchi. Kwenye lebo pameandikwa tarehe ya kutiwa chupani, na wanywaji wanaisoma kwa makini. Ikiwa changa inanukia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na uchungu wake ni safi. Ikikaa mwaka hivi, chachu ya porini iliyomo ndani ya chupa imeendelea kula sukari iliyobaki, bia imekauka, na harufu imegeuka kuwa ya ngozi na nyasi kavu. Napenda kufungua changa na kongwe kwa pamoja, nikae nazo jioni nzima.

Lakini iliyonifanya niandike haya ni lambic, bia yenye uchachu ya Brussels na vijiji vilivyo magharibi mwake. Inapikwa kwa kimea cha shayiri na ngano ambayo haikuoteshwa, halafu uji wake wa moto unamiminwa kwenye sinia kubwa la shaba chini ya paa na kuachwa wazi usiku kucha. Hakuna anayetia hamira. Chachu inatoka hewani na kwenye mbao za mapipa. Ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu, kwa kuwa joto likizidi huingia vijidudu visivyotakiwa. Kisha inalala kwenye pipa mwaka mmoja, miwili, mitatu, na fundi anachanganya changa na kongwe kupata gueuze. Katika kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht, utando wa buibui hauondolewi, kwa sababu buibui ndio wanaokamata nzi wa matunda. Watu wanasafiri kutoka Japani na Marekani, wanalipa kiingilio, wanapiga picha ule utando. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya turathi za binadamu.

Nilipoonja gueuze mara ya kwanza, ulimi wangu uliitambua kabla ya mimi. Ule ukali wa mbele, ule uchachu unaovuta mashavu, ile ladha ya nafaka inayobaki nyuma: nilikua navyo, kwenye busaa ya shangazi.

Anayedhani busaa ni uji uliooza hajawahi kumtazama mama akiipika. Shangazi anakanda unga wa mahindi kwa maji, anaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke wenyewe. Hapo anauwasha moto, anauweka ule unga kwenye bati pana na kuukaanga huku akiugeuza kwa koleo bila kupumzika, moshi machoni, mpaka uwe mabonge ya kahawia yanayonukia ganda la mkate. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Akiutoa mapema busaa inapwaya. Akichelewa kidogo uchungu wa kuungua hautatoka tena. Mabonge yanaanikwa, kisha yanatiwa kwenye pipa la maji pamoja na kimea cha wimbi alichokiotesha na kukisaga mwenyewe. Siku ya pili ina utamu bado. Siku ya tatu imekomaa, anachuja. Siku ya nne ni ya wale wanaopenda ukali. Msimu wa mvua na baridi anaiongezea siku, na hakuna kipimajoto pale. Anaweka sikio karibu na pipa akisikiliza povu.

Likizo iliyopita niliandika hayo yote katika daftari lilelile ninaloandikia bia za Ubelgiji: punje za wimbi zilitoka soko la Kibuye, Kisumu, mahindi ni ya shambani, moto ulikuwa wa kuni za mkaratusi. Nilimpelekea chupa ya gueuze. Akanywa polepole, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, huyu aliyepika anajua kazi. Ila kwangu ningeichuja jana." Sijasoma tathmini bora kuliko hiyo katika jarida lolote la huku.

Kuna jambo ambalo nyumbani tunawashinda, na nalisema nikiwa mkusanyaji mwenyewe. Huku baadhi ya wenzangu wananunua chupa adimu wasizokusudia kuzinywa, wanazificha miaka, wanaziuza kwa bei mara kumi. Busaa haikubali kufichwa. Ikishakomaa inataka watu siku hiyohiyo. Babu alikuwa na mrija wake mrefu wenye kichujio cha kusukwa nchani, hakuna mwingine aliyeugusa, lakini chungu kilikuwa kimoja kwa wazee wote. Wateso wa Busia mpaka leo wanakaa hivyo na ajon yao ya wimbi, wakiongeza maji moto chunguni maongezi yakiendelea.

Najua mtu atasema pombe imeharibu magharibi mwa Kenya. Ni kweli, nimezika jamaa. Lakini tuitofautishe. Chang'aa ni pombe kali ya kukeneka, yaani inayotokana na mvuke uliopozwa, na walaghai wakiitia methanoli inapofusha na kuua. Busaa haikenekwi, na kilevi chake ni kidogo. Sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha hata chang'aa kwa masharti, ila masharti yenyewe yaliandikwa kwa mwenye kiwanda, si kwa mama mwenye pipa moja. Kwa hiyo msako ukija, wake ndio unaomwagwa.

Wakati huohuo, kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena mwaka 2019 kupika keg, yaani bia ya mtama inayouzwa kwa mapipa, na serikali imeipunguzia keg ushuru ili watu waache pombe haramu. Siilaumu, wakulima wa mtama wamepata soko. Ninachouliza ni kwa nini nafaka ya nyanya zetu ipate heshima ikipitia bomba la kiwanda tu. Nairobi kuna viwanda vidogo vya krafti sasa, na vijana wanajadili hopsi za Marekani kwa ufasaha. Natamani wangejua pia tofauti ya busaa ya Kakamega na ya Kisumu.

Leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti. Kakamega, Vihiga, Busia na Kisumu zinaweza kuanza kwa kutunga leseni ya mpishi mdogo. Maji yapimwe, jiko likaguliwe, kukeneka kukatazwe kabisa, na ada iwe ya kiasi ambacho mama anayeuza makopo machache ya busaa kwa siku ataimudu. Kisha jina lake liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, ili nikija Desemba na marafiki zangu Wabelgiji, ambao wameshaanza kuniuliza bei ya tiketi, tupite mlango wa mbele.