Siku mama mkwe alinikanyagia mafuta Timboroa

Kwanza mjue mimi ni Mbukusu, na kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, hamkai kiti kimoja, mkikutana kwa njia nyembamba wewe unajipata tu umeingia kwa mahindi ya wenyewe. Najua siku hizi kuna watu wanakumbatiana na mama mkwe na kupiga selfi, heko kwao, lakini wangu ni wa zamani ile ya kitambo kabisa, na juu ya mila yenyewe ameongeza zake: haniongeleshi moja kwa moja. Tangu nioe 2016 kila neno linapitia kwa mtu. Mtu akikosekana, neno linangoja.

Sasa Agosti mwaka jana mama alikuja Nakuru kuangaliwa macho, akakaa kwa dadake huko Free Area wiki 2 (kwangu hawezi lala, hiyo hata msiulize), na siku ya kurudi Webuye bibi yangu akasema mama hawezi panda matatu na hayo macho, baba Nekesa utampeleka. Gari ninayo, Corolla one-ten ya miaka mingi, na wiki hiyohiyo ilikuwa kwa fundi. Redieta ilikuwa imeoza chini inavuja, wota pampu nayo inalia kama paka amefungiwa kwa stoo. Nikanunua redieta ya mtumba 6,500, pampu 3,500, fundi akataka 2,500 ya mkono.

Katikati ya kazi fundi akachomoa themostati, akanionyesha ameishika na vidole 2 kama panya aliyekufa, akasema boss hii tunatupa, hii ni ya nchi za barafu. Bahati mbaya mimi nilikuwa nimesoma kidogo usiku. Nikamwambia hapana, themostati ndiyo inafunga maji yazunguke ndani ya injini mpaka ishike moto, kama digrii 82 hivi, ndiyo ifungue yaende kwa redieta, ukiitoa injini inatembea ikiwa baridi na inakunywa mafuta bure. Nikamhutubia vizuri mpaka wale vijana wanaomshikia spana wakaacha kazi kusikiza. Akairudisha bila kusema kitu. Nilijiona profesa.

Kilichofuata ndicho sikuwa nimesoma. Fundi akajaza maji na kulanti (ile dawa ya kuchanganya na maji ya redieta) mpaka juu, akawasha dakika 3, akazima, akasema iache ipoe usiku kucha, kesho asubuhi kabla hujaenda pitia hapa tuangalie maji tena. Bibi alikuwa anapiga simu, nikasema ndio ndio sawa sawa, nikaondoka. Hiyo kesho asubuhi yenyewe saa 1 kamili nilikuwa Free Area napakia magunia ya mama.

Mama akaketi nyuma kushoto, leso kichwani, anaangalia dirisha. Katikati nikaweka mkalimani, binti yangu Nekesa, miaka 6, ambaye nyanyake humwita kukhu. Mpaka Salgaa mambo yalikuwa hivi:

"Nekesa, mwambie baba yako apunguze mwendo."

"Baba, kukhu anasema upunguze mwendo."

Mimi nimeshasikia mara ya kwanza, mama yuko mita moja nyuma ya shingo yangu, lakini siwezi kanyaga breki mpaka ujumbe ufike rasmi.

Tukaanza kupanda Sachangwan nyuma ya malori, gia ya pili, hakuna upepo unaingia mbele, na hapo ndipo niliona mkono wa geji ya joto unapanda. Halafu ukashuka. Halafu ukapanda tena. Nikagonga kioo cha geji na kidole, hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kila mwenye gari nzee. Kufika Mau Summit ulikuwa umelala kwa nyekundu na boneti inapumua kama sufuria ya githeri.

Nikaegesha karibu na wauza viazi, na mnajua ukifungua boneti Kenya hii huwezi kosa madaktari. Mmoja wa matatu akasema hiyo ni gasketi ya hedi imeungua, uza. Mwingine akasema toa themostati (moyo uliniuma). Mama mmoja wa viazi akasema kwao huvunja yai mbichi wanaweka ndani ya redieta inaziba, na kweli yai huziba tundu dogo, lakini mimi sikuwa na tundu nilikuwa na redieta ya 6,500. Kijana mwingine akavua kofia akaikunja ashike kifuniko cha redieta akifungue, nikapiga nduru mpaka mama akafunua leso kuangalia. Ndugu zangu, redieta ikiwa moto usifungue, hayo maji yako na presha, yatakutoa sura.

Nikampigia fundi. Akanisikiza mpaka mwisho halafu akasema, "Si nilikuambia upitie asubuhi?" Nikanyamaza. "Basi uliza themostati, si nyinyi mnajuana." Akakata.

Tulingoja kama dakika 40, ikapoa, nikafungua, ikakunywa lita moja, nikafunga, tukaenda. Geji ikatulia nikaanza hata kupiga mluzi.

Timboroa sasa. Watu wa huko mnisamehe, lakini ile baridi si ya binadamu. Ikweta inapita hapo karibu kabisa, mimi shuleni nilifunzwa ikweta ni joto, na hapa kuna ukungu na punda anatetemeka. Ni zaidi ya mita 2,700 juu, maji huko yanachemka karibu digrii 91 badala ya 100, ndiyo maana chai yao inachemka haraka na kupoa ukiwa bado unaiangalia.

"Nekesa, mwambie baba yako awashe hita."

"Baba, kukhu anasema uwashe hita."

Nikawasha mpaka mwisho. Ikatoa baridi. Baridi mbaya kuliko ya nje. Nikadhani bado inajipanga, nikaongeza feni, mama akajifunika leso ya pili. Na mkono wa geji, huo hapo, unapanda tena. Yaani injini inaungua na sisi tunaganda, gari ni moja.

Nikasikia kimya nyuma. Nikaangalia kwa kioo, mkalimani amelala, mdomo wazi. Na mvuke umeanza kutoka kwa boneti upande wa kushoto, upande wa mama, mimi bado sijauona. Mama ameuona. Kwa kioo nikamwona anamsukuma Nekesa na kiwiko, Nekesa wapi. Anamsukuma tena. Akaangalia mbele, akaangalia mtoto, akaangalia dari ya gari kama anaomba ruhusa kwa waliotangulia, halafu kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu mama mkwe akaniambia neno:

"Moshi."

Niliruka, sijui kama ni kwa sababu ya moshi ama ya sauti. Nikatoka barabarani, nikazima, gari imeangalia mlima.

Mbele yetu lori lilikuwa limesimama, dereva mzee mwenye marvin, ile kofia ya sufu, akashuka akaja pole pole na kikombe chake. Hakuuliza mambo ya gasketi. Aliuliza kitu kimoja: "Hita inatoa nini?"

"Baridi, mzee."

"Na injini inachemka?"

"Inachemka."

Akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema hapo hakuna ugonjwa, hapo kuna hewa. Mlipobadilisha redieta mlimwaga maji yote, mkajaza juu juu, hewa ikabaki ndani, imekaa karibu na themostati na kwa paipu za hita imefunga njia. Maji hayafiki kwa hita, ndiyo maana inatoa baridi. Geji nayo inapanda inashuka kwa sababu mara inagusa maji mara inagusa mvuke. Akasema hewa hupenda kwenda juu, na gari tayari imeangalia juu, Mungu amekusaidia, tungoje ipoe tuitoe.

Baada ya nusu saa akafungua kifuniko na kitambaa kilicholowa, akaniambia niwashe, hita mwisho kabisa, feni ndogo. Halafu akasema tunataka mtu wa kukanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, bila kuachilia.

Najua mtauliza kwa nini nisikanyage mimi. Mimi nilikuwa na mtungi namwagia maji, mzee ameshika hosi ya juu anaikamua kama ng'ombe, na turniboi wake, yule msaidizi wa lori, alikataa kutoka kwa blanketi. Nekesa miguu haifiki.

"Si uite mama yako," mzee akasema.

"Ni mama mkwe."

Akaacha kukamua. "Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma."

Akavua marvin. "Mimi ni wa Chwele, Bungoma hukohuko." Tukanyamaza wote 2 tukiangalia injini, maana kiti cha dereva ni changu, kina joto langu, hicho mama hawezi kalia leo wala kesho.

Yule mzee angekuwa wakili angekuwa mbali. Alizima gari, akaniambia nipe funguo. Nikampa. Akaenda dirishani kwa mama, akamsalimia kwa Kibukusu kwa mbali na heshima zote, akamwambia: mama, hii gari kwa dakika 20 nimeichukua, funguo ndizo hizi, kiti ni changu, na mimi si mkwe wako.

Mama alifikiria karibu dakika 2. Akashuka. Akatandika leso juu ya kiti, akatandika ya pili, akaketi.

"Sasa mama kanyaga huu wa kulia. Polepole."

VUUUUM! Ndege walitoka kwa miti. Maji ya redieta yaliruka yakanipata kifuani mpaka kwa viatu, bahati yalikuwa bado vuguvugu. "Mama punguza!" mzee akaita. Akapunguza. Akapata mahali pake, na nawaambia mama alishika hapo kama amefanya hiyo kazi miaka 30, uso mbele, mikono yote kwa usukani wa gari ambayo haiendi popote.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Kama dakika 10 hivi, mara maji kwa redieta yakazama ghafla, gubu gubu gubu, mapovu yanatoka kama soda. "Hiyo ni themostati imefungua," mzee akasema, na mimi nikatafuta mtu wa kumwangalia kwa kiburi nikakosa. Nikamwaga, ikameza. Nikamwaga, ikameza. Jumla lita 2 na nusu. Mapovu yakapungua, yakaisha, na hapo ndani tukasikia mama:

"Joto limekuja!"

Mzee akafunga kifuniko, akakataa pesa, akakubali viazi. Akasema tu hiyo hita muiache hivyo hivyo kwanza mpaka Burnt Forest, tuhakikishe.

Kosa ni kwamba mama alisikia.

Burnt Forest tukapita, geji katikati, imetulia kabisa. Eldoret tukapita. Nekesa akaamka. Turbo jua likaanza kuwaka, gari imekuwa tanuri, nguo zangu zilizolowa maji ya redieta zikakauka zikalowa tena jasho.

"Nekesa, muulize kukhu kama sasa tunaweza zima hita."

"Kukhu, baba anauliza kama tuzime hita."

Kimya.

"Nekesa, mwambie baba yako fundi alisema iachwe."

"Alisema mpaka Burnt Forest," nikasema, nikajua nimekosea, nikarudi nyuma. "Nekesa, mwambie kukhu alisema mpaka Burnt Forest."

"Nekesa, mwambie baba yako mimi ndiye nilikuwa kwa usukani."

Tukaingia Webuye saa 9 na hita mwisho kabisa. Baba mkwe alikuwa amekaa nje chini ya mwembe, akaniona nikishuka natiririka, akaangalia mbingu, hakuna wingu hata moja, akauliza huko mlikotoka mvua ilikuwa kubwa hivyo?

Nekesa akanitangulia: "Hapana kuka, ni kukhu alikuwa anatengeneza gari."