Rada kwanza, AIS baadaye: ulinzi wa bahari za ncha za dunia

Ukitazama ramani ya meli katika Bahari ya Aktiki, kila alama unayoiona imejitangaza yenyewe. Kifaa cha AIS hurusha jina, mahali na mwendo wa meli kwa mawimbi ya redio ya VHF. Nahodha akikizima, alama inapotea lakini meli bado ipo. Ndiyo maana nashikilia kwamba wanaolinda maji hayo waanze na rada ya setilaiti.

AIS ina faida zake, sikatai. Norway ilirusha AISSat-1, setilaiti ya kupokea ujumbe wa AIS, mwaka 2010, na setilaiti ya aina hiyo hupita karibu na ncha kila inapoizunguka dunia, takriban mara 15 kwa siku. Lakini boti ndogo za uvuvi nyingi hazilazimiki kubeba kifaa hicho.

Rada ya setilaiti ya Ulaya, Sentinel-1, huona gizani na hupenya mawingu. Kinachoisumbua ni barafu: kipande kinachoelea hung'aa pichani kama chuma cha meli. Tena picha pana, ya kilomita 400, hutofautisha vitu kwa takriban mita 20 kwa 40 tu, hivyo chombo cha mita 15 kinaweza kupita bila kuonekana.

Kulinganisha picha ya rada na AIS kunataka uangalifu. Chukua sekunde halisi picha ilipopigwa, kisha kadiria meli yenye AIS ilikuwa wapi sekunde hiyo. Inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa husogea mita 300 hivi kwa dakika. Ujumbe wake wa mwisho ukiwa wa dakika 20 nyuma nawe ukautumia ulivyo, umekosea kwa kilomita 6. Halafu rada yenyewe hukosea: chombo kinachoisogelea setilaiti au kuiacha huchorwa kando ya mahali pake, pengine mita 300. Mkia wa mawimbi nyuma ya chombo hubaki mahali pake halisi, kwa hiyo ukiuona, pima kutoka hapo. Kisichopata mwenzake wa AIS kitafute kwenye picha inayofuata. Barafu itakuwa imesogezwa polepole na mkondo. Meli itakuwa imekwenda zake.

Mkataba unaozuia uvuvi wa kibiashara katikati ya Aktiki ulianza kutumika Juni 2021, kwa miaka 16 ya mwanzo, katika kilomita za mraba milioni 2.8. Hausimamiwi kwa kungoja wavuvi wajitaje. Fedha ziende pia kwenye setilaiti kama NorSat-3, iliyorushwa mwaka huohuo, inayonasa mawimbi ya rada za meli zenyewe. Kwenye ukungu na barafu nahodha anaweza kuzima AIS, lakini rada ndiyo macho yake. Akiizima anahatarisha roho za mabaharia wake wote.